Namna ya Kushindwa Ulaya na Kurudi Mapera Kifua Mbele

Sogea, mdogo wangu, tuongee kabla watu hawajatoka misa. Najua unakokwenda. Jioni nakuona ukirusha mpira kwenye ile ringi ya pipa mliyoipigilia kwenye mkaratusi, na mwenzako namwona akipiga danadana mpaka giza linaumeza mpira. Mnataka Ulaya. Sina neno. Mbinu za uwanjani mtafundishwa na makocha. Mimi nitakufundisha kile ambacho kocha hakigusi: namna ya kwenda, kushindwa, na kurudi hapa kijijini Mapera ukiwa umesimama wima.

Usikunje uso. Wanaokwenda ni wengi, wanaobaki juu ni wachache, na kushindwa kwenyewe hakujamuua mtu. Aibu ndiyo inayoua. Nimeiona ikimla kijana wa nyumbani kwangu mwenyewe, ndiyo maana nimekuita hapa nyuma ya kanisa badala ya kukusubiri kilabuni.

1. Ondoka kimya

Unataka picha ya uwanja wa ndege, begi mgongoni, miwani usoni. Piga. Piga hata thelathini, ujana ni wako. Ila zikae ndani ya simu mpaka ucheze mechi ya tatu ya ligi. Nasema ya tatu kwa sababu ya kwanza mtu huingizwa dakika za mwisho ili aonekane, ya pili hubaki benchi, na ya tatu ndiyo inayokuambia kama kocha anakutaka.

Sherehe ya kuaga ni deni. Kila aliyekula wali wako atakuja kuuliza umefika wapi, naye ana haki, maana alikula. Chinja kuku mmoja, kula na mama yako na wadogo zako, basi. Jirani akiuliza, mwambie unakwenda Dar es Salaam kutafuta. Hujamdanganya: Dar utapita, na kutafuta utatafuta.

Hila hii waliijua babu zetu. Wanaume wa Kusini waliokwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, kabla serikali ya uhuru haijaifunga njia ile, waliondoka alfajiri na sanduku la bati. Waliporudi, kijiji kilitazama blanketi, baiskeli na afya ya kifua. Sijasikia hata mmoja aliyeulizwa alikuwa mchimbaji namba ngapi huko Johannesburg. Waliondoka bila kutangaza cheo, kwa hiyo hawakuwa na cheo cha kupoteza.

2. Usinunue safari

Hapa nisikilize kwa masikio yote mawili.

Mpwa wangu alipigiwa simu na mtu mwenye sauti nzuri. Majaribio Ureno, tiketi ipo, kinachohitajika ni ada ya viza na ya usajili tu. Dada yangu akauza kahawa yote ya msimu ule, na mbuzi. Kijana akakaa siku arobaini kwenye nyumba ya wageni Dar es Salaam akisubiri simu, mpaka namba ile ikawa haipatikani. Akarudi usiku. Miezi mitatu hakutoka nje mchana. Shamba lilikuwa linaota majani, naye amelala kifudifudi, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mguu wa kushoto ambao mfano wake sijauona tena kwenye uwanja wetu. Pesa tulizisamehe mapema. Yeye ndiye alishindwa kujisamehe.

Kwa hiyo chukua njia ya mkato: anayekuomba pesa ili ucheze si wakala. Wakala wa kweli hula asilimia yake kwenye mkataba, baada ya wewe kupata. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha mtihani kwa mawakala wa soka, na mwenye leseni jina lake linaonekana kwenye tovuti ya FIFA. Simu yako hiyohiyo ya kutazama mabao inatosha kumtafuta. Jina halipo? Mtakie asubuhi njema na ukate simu. Na kama hujafikisha miaka 18, mtu anayekuahidi klabu ya Ulaya mwezi ujao anakuahidi jambo ambalo sheria za FIFA zinalikataza, isipokuwa kwa mambo machache ambayo wewe, mtoto wa Mapera unayeishi na wazazi wako hapa, hayakuhusu.

Kwenye kikapu utahitaji barua ya shirikisho ya kukuachia uhame nchi. Klabu mpya huihangaikia yenyewe inapokutaka kweli. Ukiona unahangaikia barua hiyo peke yako, hakuna klabu.

3. Chagua ligi itakayokuchezesha

Sasa siri ya kwanza ya kweli. Ulaya ni neno kubwa. Ukisema uko Ulaya, hapa kijijini hakuna atakayeuliza daraja la ngapi. Tumia faida hiyo. Usiende kukaa benchi kwenye jina kubwa. Nenda kacheze kila Jumamosi kwenye mji ambao jina lake linakushinda kulitamka.

Shomari Kapombe aliondoka Simba mwaka 2013 akaenda AS Cannes ya Ufaransa, klabu iliyokuwa imeshuka mbali kutoka Ligi Kuu ya huko. Haikudumu. Mwaka uliofuata alikuwa Azam, baadaye akarudi Simba, na tangu hapo amebeba makombe mpaka mabeki wengine wa kulia wamezoea kumsubiri. Nani leo anamkumbusha Cannes? Alirudi bado mwepesi wa miguu, akaendelea kufanya kazi. Hiyo ndiyo namna.

Kwenye kikapu mtazame Mkenya Tylor Ongwae. Amechezea Bakken Bears ya Denmark, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa maziwa na siagi. Huko alipata dakika za kucheza, na dakika ndizo zinazomtengeneza mchezaji. Februari 2021, mjini Yaoundé, kikapu chake cha sekunde ya mwisho kiliishinda Angola na kuipeleka Kenya AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mkono ule ulikuwa na joto kwa sababu ulikuwa unacheza.

Na kama moyo bado unakusuta kwamba ligi ndogo ni ya walioshindwa, hesabu nami. NBA ina timu 30, kila moja ina nafasi 15 za kawaida. Hizo ni nafasi 450 kwa dunia nzima. Marekani peke yake, vyuo vinamwaga vijana warefu kila mwaka kama dagaa wa Nyasa wanavyomwagwa mwaloni Mbamba Bay. Wanakwenda wapi waliobaki? Uturuki, Ugiriki, Italia, Hispania, Israeli. Wanapanga chumba, wanajifunza kuagiza kahawa kwa lugha ya watu, wanacheza. Na si waliokosa tu. Mwaka 2008 Josh Childress aliiacha Atlanta Hawks, akiwa bado anatakiwa, akasaini Olympiacos ya Piraeus mkataba wa miaka mitatu uliotajwa kufika dola milioni 20 hivi. Baada ya misimu miwili alirudi NBA. Mwaka huohuo kijana Brandon Jennings aliruka chuo akaenda Roma, akakaa benchi sehemu kubwa ya msimu; mwaka uliofuata Milwaukee Bucks wakamchagua wa kumi, na Novemba hiyo akawafunga Golden State pointi 55. Hata benchi la Roma halikumzuia, alipojua analiacha lini.

4. Shuka ngazi kabla hujasukumwa

Huu ndio ufundi mkubwa, na Watanzania wawili wameuonyesha dunia kuliko kitabu chochote.

Mbwana Samatta unamjua kwa mabao. Mimi nataka umjue kwa namna anavyoshuka. Alikwenda Genk Januari 2016 akitoka TP Mazembe. Msimu wa 2018/19 akaibeba Genk kwenye ubingwa wa Ubelgiji, mabao 23. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Nchi nzima ilinunua vifurushi vya kutazamia. Alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, akafunga tena fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City pale Wembley, wakafungwa 2-1. Halafu mabao yakakauka. Mechi 14 za ligi, bao moja. Kufika Septemba alikuwa Fenerbahçe.

Kumbuka vijiwe vilivyosema siku zile. Yeye hakujibu hata kimoja. Hakukaa Villa akipokea mshahara huku akinenepa. Alikwenda Uturuki, kisha Antwerp, kisha akarudi Genk ileile ambako watoto bado walimwimba, kisha PAOK ya Thessaloniki, na mwaka 2024 akavaa medali ya ubingwa wa Ugiriki. Mwaka 2025 akaenda Le Havre, Ufaransa. Kila ngazi aliyoishuka aliikanyaga mwenyewe kwa mguu wake, na chini alikuta kazi. Nakwambia kwa moyo wote, ile safari ya baada ya Villa inanitoa machozi zaidi kuliko ile ya kupanda.

Wa pili ni Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mita 2.21, aliyeanza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kwenye usajili wa wachezaji wapya wa NBA. Aliyefuata nyuma yake, wa tatu, ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry. Fikiria kubeba hilo mgongoni! Februari 2010, msimu wa kwanza haujaisha, wakampeleka Dakota Wizards kwenye ligi ya chini, na mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kama yeye kisha akashushwa hivyo. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City. Baada ya 2014 mlango wa NBA ukafungwa.

Marekani kuna watu ambao mpaka leo wanamtaja kama mfano wa kosa. Naumia nikisikia, kwa sababu hakujichagua mwenyewe. Walimchagua wao, wakampa namba ambayo urefu peke yake usingeweza kuilipa. Ila tazama alichofanya. Alikwenda Japani akachezea Yokohama. Alipofika umri ambao wengi wanafundisha watoto, alikuwa Taiwan, Hsinchu kisha Tainan, anaruka na kuzuia mipira. Alipenda mchezo kuliko alivyopenda cheo. Ukishika hilo, mdogo wangu, hakuna ligi inayoweza kukudhalilisha.

Kwa hiyo kanuni: ukikaa benchi mechi kumi, usisubiri mkurugenzi akuite ofisini. Muite wewe. Mwambie unataka kwenda kwa mkopo. Anayeomba kushuka huandikwa kwamba anatafuta dakika, na anayeshushwa huandikwa kwamba ameshindwa. Basi lenu ni lilelile, ila wewe umepanda kwa tiketi.

5. Soma karatasi

Mkataba ukija, usisaini usiku na usisaini hotelini. Utafutie mtu anayejua lugha yake, hata padri. Klabu nyingi za kikapu za Ulaya hutaja mshahara baada ya kodi, nyumba na gari; hakikisha yote matatu yameandikwa, maana gari la mdomoni haliwaki. Weka nakala ya kila karatasi, kila ujumbe, kila stakabadhi ya benki.

Wasipokulipa, usigombane kwenye chumba cha kubadilishia nguo na usitoroke. Simon Msuva alipodai stahiki zake baada ya kuondoka Wydad ya Morocco, alipeleka madai FIFA na akapewa haki. Wa kikapu ana baraza lake la usuluhishi la FIBA, lililoanzishwa 2007, mradi mkataba wako uwe umelitaja. Ukurasa huo mmoja ndio wa kuutafuta kwanza.

6. Baridi na upweke

Baridi usiiogope. Aliyeamka huku kwetu Umatengo mwezi wa saba kwenda kisimani ana mafunzo ambayo kijana wa Pwani hana.

Upweke ndio kazi. Beba kilo mbili za kahawa ya Mbinga iliyokaangwa na kusagwa. Siku ya tatu wachemshie wenzako kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Waonyeshe picha ya mibuni. Kuanzia hapo utakuwa mtu mwenye kwao, na mtu mwenye kwao hapigwi chenga kirahisi na maneno.

7. Pesa: chimba ngoro

Mshahara wa mchezaji ni mvua ya mlimani. Inanyesha kubwa, muda mfupi, na ikikuta mteremko mtupu inashuka na udongo wote mpaka ziwani. Wamatengo walilitatua jambo hili zamani. Wanakata majani, wanayapanga miraba, wanayafukia kwa udongo wa katikati, na mlima mzima unakuwa ngoro, mashimo na matuta. Maji yanakamatwa shimo kwa shimo, mahindi na maharage yanaota juu ya tuta, na mteremko ambao mgeni angeukimbia unalisha vizazi.

Fanya hivyohivyo. Shimo la kwanza, mama. Lake liwe la kila mwezi na kiasi kilekile, si furushi la Krismasi. Shimo la pili, vyumba vya kupangisha Mbinga mjini, vinne vya kuanzia, vyenye choo ndani. Walimu na wauguzi wanaohamia hawakosekani. Shimo la tatu, akiba ambayo hata wewe huwezi kuichomoa kwa simu. Shimo la nne, ada ya mdogo wako mmoja mpaka amalize. Baada ya hapo kinachobaki ni chako, na sasa tuzungumze gari.

Najua unalitaka. Unataka lile jeusi la vioo vyeusi, ushuke nalo lami ya Mbinga mpaka Mbamba Bay, muziki ukitangulia, wasichana wa Liuli wakiuliza ni la nani. Mtu asikukataze. Likodi. Siku mbili, na tenki limejaa. Piga picha zako, nunua mbasa mkubwa, rudisha gari Jumatatu. Furaha uliyoitaka umeipata yote, na vyumba vyako vinne bado vimesimama.

Nyumba ya ghorofa kijijini usiianze. Ghorofa lisilokwisha ndilo bango refu kuliko yote la kutangaza kushindwa kwako, na mvua za Umatengo zitalisoma kwa sauti kila mwaka.

8. Sajili timu kabla hujaondoka

Hili ni la kijiji, nami nalisisitiza kwa uchungu. Mchezaji wa soka akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Miaka ile minne ya mwanzo, kila mmoja hupata robo ya asilimia moja ya ada, inayofuata, nusu. Maana yake, akiuzwa kwa dola milioni moja kijana aliyelelewa na timu moja miaka yote ya 12 hadi 15, timu ile ina dola 10,000 zake. Pesa hizo sasa hupitia dawati maalumu la FIFA lililofunguliwa mwishoni mwa 2022.

Timu yetu ingepata nini? Sifuri. Haijasajiliwa. Vijana wanafundishwa hapa kwenye uwanja ambao mpira ukitoka nje unateremka mpaka shimo la tano la ngoro, wanakua, wanachukuliwa na klabu ya mjini, na karatasi zinaandika kwamba wamezaliwa wakiwa na miaka 17 mikononi mwa klabu ile. Inaniuma sana. Kwa hiyo kabla hujafunga begi, pitieni kwa mwalimu wa michezo, mkaandike timu kwenye chama cha mpira cha wilaya, na kila mtoto wa miaka 12 aingizwe kwenye mfumo wa shirikisho la soka, TFF, na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Tarehe ya kweli, nimesema. Ukimpunguzia mtoto miaka mitatu, unampa mtu mwingine kisu cha kumchinjia siku atakapoanza kung'aa.

9. Rudi mwezi wa sita

Sasa umeshindwa. Klabu haikuongeza mkataba, goti linauma, simu ya wakala inaita bila kupokelewa. Vizuri. Usijifiche Dar ukila akiba mpaka iishe. Na usirudi Desemba, wakati kila mtu aliye mjini yuko kijijini ana muda wa kukukagua.

Rudi msimu wa kahawa. Kalenda iko upande wako: ligi nyingi za Ulaya humalizika Mei au Juni, na wakati huo mibuni ya huku imeiva. Watu wako shambani tangu alfajiri, wengine wako kwenye mtambo wa kumenya, wengine wanahesabu kilo kwenye chama cha msingi. Hakuna mwenye nafasi ya kusimama barabarani akutazame ukishuka.

Panda basi la asubuhi kutoka Songea, ukae upande wa dirisha, begi moja. Msalimie mama. Kula ugali na kisamvu alichokupikia, hata kama ulikuwa unaota nyama. Lala. Kesho yake saa kumi na mbili vaa kandambili na sweta la klabu, lile la mazoezi, maana joto lake ni zuri na umelifanyia kazi. Chukua kikapu, ingia mstari wa tatu shambani, anza kuchuma mbivu tu, nyekundu, bila kuvunja matawi.

Mpwa wangu atakuwa mstari wa pili. Alitoka ndani hatimaye. Siku hizi anawafundisha watoto kupiga kwa mguu wa kushoto. Atakuuliza, kwa sababu kuna siku alitaka kuulizwa yeye na hakuna aliyethubutu:

"Kaka, utarudi lini Ulaya?"

Usisimamishe mkono. Mwambie kikapu bado hakijajaa, kisha muulize mazoezi leo ni saa ngapi.